Kuhamisha santuri za mbio za TT kwenda dijitali: spidi haikai sawa, na programu inakula mlio wa Norton

Mla_Kona

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina santuri tatu za mbio za pikipiki za TT (Tourist Trophy), Kisiwa cha Man. Mbili ni za mwishoni mwa miaka ya 1950, za Sound Stories za Stanley Schofield. Ya tatu ni ya mbio za 1967, mwaka wa madereva Hailwood wa Honda na Agostini wa MV Agusta. Zote ni mono, vinili, hazina ufa. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijachakaa zaidi, lakini nimekwama sehemu nne:

1. Mashine ya santuri ni ya mkanda, imetoka Marekani, naitumia kwa transfoma ya kushusha umeme hadi volti 120. Mtangazaji anasikika mzito kama amelala, na Honda haina ule ukali wake.

2. Kuna mvumo wa chini muda wote. Nikiuchuja, injini za silinda moja zinapungua nguvu.

3. Nikipitisha kiondoa mipasuko cha Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, pikipiki ya Norton inasikika kama imefungwa kitambaa kwenye ekzosi.

4. Mwisho wa kila upande, karibu na lebo, sauti inachanika pikipiki zinapopita kwa nguvu.

Katriji, yaani kichwa kinachoshika sindano, ni ya stereo, sindano ya duara ya kawaida. Naomba maelekezo kamili, hata yakiwa marefu.

---

fundi_wa_redio

Mkuu, la kwanza ni la umeme, na transfoma haiwezi kukusaidia. Transfoma hubadilisha volti tu. Mzunguko wa umeme wa Marekani ni 60 Hz, wetu ni 50 Hz, na mota za AC za mashine nyingi za zamani za mkanda hufuata mzunguko huo kama mtumwa. Kwa hiyo sahani yako haizunguki 33⅓ kwa dakika. Inazunguka 33⅓ × 50 ÷ 60, yaani 27.8. Sauti inashuka zaidi kidogo ya nusutoni tatu, ndiyo maana mtangazaji anaonekana kusinzia. Mashine zenye mota ya DC hazina shida hii, hata zikitoka huko huko.

Hakikisha kwanza kwa kadi ya strobo. Chapisha duara lenye mistari 180, liweke juu ya sahani, limulike kwa taa inayopepesa kwa umeme wa 50 Hz. Mistari ikisimama, uko kwenye 33⅓. Kwa kadi ya 60 Hz mistari ni 216, kwa hiyo usichukue kadi yoyote tu mtandaoni bila kuhesabu. Taa nyingi za LED za siku hizi hazipepesi vizuri. Tafuta balbu ya zamani ya waya, au ya neoni. Kama huna kabisa, bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, piga video, hesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Kwenye 33⅓ utapata 100, kwenye mashine yako utapata kama 83.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni puli ya 50 Hz, yaani kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 20 kuliko iliyopo, na fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukuchongea ya shaba. Asiguse shimo la katikati kwa kubahatisha, maana puli isiyokaa katikati italeta sauti inayoyumba kila mzunguko wa mota, na kuyumba huko hakuondoki baadaye. Ya pili ni kurekodi hivyo hivyo, kisha kwenye programu uongeze spidi mara 1.2. Tumia kile kifaa kinachobadilisha spidi pamoja na kimo cha sauti. Kile cha kubadilisha mwendo peke yake kinakatakata mawimbi na kuyashona upya, na mlio wa injini ukishonwa utausikia tu.

Kuna watu watakwambia njia ya pili inaharibu usawazisho wa RIAA, ile kanuni ya kurudisha besi na milio ya juu iliyobadilishwa wakati wa kuchonga santuri, kwa sababu priamplifaya (kikuza sauti cha mwanzo cha santuri) imefanya kazi kwenye masafa yaliyoshushwa. Ni kweli, lakini kosa lake halizidi desibeli 1.6, na tofauti kati ya besi na kati ni ndogo kuliko hapo. Kwa rekodi za barabarani za miaka hiyo sioni sababu ya kukosa usingizi. Ukiwa na priamplifaya isiyosawazisha chochote, rekodi bapa, rekebisha spidi, kisha weka RIAA mwishoni. Huo ndio mpangilio safi.

Mvumo: inua sindano, acha kila kitu kikiwa kimewashwa. Mvumo ukibaki, ni wako, hauko kwenye santuri. Angalia ule waya mwembamba wa ardhi kutoka kwenye mashine, ufungwe kwenye skrubu ya amplifaya. Kisha chomoa chaja ya laptop, rekodi kwa betri. Soketi zetu nyingi hazina ardhi ya kweli, na chaja ndiyo mchawi mara nyingi kuliko nyaya.

Ukishusha sindano na mvumo mwingine ukaongezeka, huo uko kwenye santuri. Utautambua kwa namba: wa kwako utasoma 50 Hz daima, wa kwenye santuri unafuata spidi ya sahani, hivyo kwenye mashine yako ya sasa utasoma kama 41.7.

Ila usiuchuje kwa kichujio chembamba cha 50 Hz na ndugu zake wa 100 na 150. Silinda moja ya stroki nne ikizunguka 6,000 kwa dakika hulipuka mara 50 kwa sekunde. Umechuja mvumo, umechuja na pikipiki. Ua mvumo kwenye waya, kabla haujaingia.

---

Bibi_Santuri

Mwanangu Mla_Kona, kabla ya programu yoyote, osha. Robo tatu ya mipasuko unayopigana nayo ni uchafu uliokaa mferejini.

Maji yawe yaliyotoneshwa. Madukani utayapata kwa jina la maji ya betri, lakini soma chupa mara mbili: kuna ya kuongezea betri, ambayo ni maji matupu, na kuna ya kujazia betri mpya, ambayo ni tindikali. Changanya sehemu nne za maji na sehemu moja ya pombe ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu. Usitumie spiriti ya rangi, inaacha utando. Tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na mafuta ya mikono kwa nusu lita linatosha kuyafanya maji yaingie mferejini badala ya kukaa juu kama umande.

Funika lebo. Pitisha brashi laini kufuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Acha dakika mbili, suuza kwa maji yaliyotoneshwa peke yake, mara mbili, simamisha sahani ikauke kivulini. Ukiruka kusuuza, sabuni inakauka mferejini na sindano itaitoa kama uji mweupe. Santuri zilizokaa pwani mara nyingi zina ukungu, madoa ya kijivu kama vumbi lisilofutika. Hizo zioshe mara mbili na ubadilishe bahasha ya ndani, maana mbegu za ukungu zimebaki kwenye karatasi.

Hii ni kwa vinili tu. Santuri za 78 za laki, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo, pombe inaziyeyusha.

Sasa sindano. Tatizo lako la nne liko hapa. Kwenye 33⅓, mfereji wa nje wa santuri ya inchi 12 unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni sentimita 21. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Wimbi la 10,000 Hz huko ndani lina urefu wa maikroni 21, na sindano yako ya duara ina nusukipenyo cha maikroni 15 hadi 18. Haiingii kwenye mikunjo, inaruka juu juu. Sindano ya duaradufu yenye ubavu wa maikroni 7 au 8 inaingia. Kwa katriji za Audio-Technica za familia ya AT-VM95 huhitaji kununua katriji nzima, unachomoa sindano na kuchomeka nyingine. Ya duaradufu ni VM95E, uzito gramu 2.0.

Wengine watakwambia santuri za mono za zamani zinataka sindano nene ya maikroni 25, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo wakati ule. Kwa santuri ambayo haijachezwa sana, ni sawa. Kwa zako nina shaka. Miaka ya 50 na 60 watu walizicheza kwa vichwa vya kristali vyenye gramu 6 na zaidi, na walirudia sehemu zile zile, kuanza kwa mbio na kupita kwa kasi. Ukuta wa mfereji umelika pale sindano nene ilipokaa. Sindano nyembamba inashuka chini ya eneo lililolika na kukuta plastiki ambayo haijaguswa. Jaribu zote mbili kwenye sekunde 30 za mwisho wa upande, sikiliza, amua. Usipunguze uzito ukidhani unaihurumia santuri. Sindano nyepesi kupita kiasi inadunda kwenye milio mikali na kukata mfereji kuliko ile iliyokaa imara.

---

Kasi250

Fundi na Bibi wamemaliza ya umeme na sindano. Nichukue ya kiondoa mipasuko, kwa sababu hapo ndipo rekodi nyingi za mbio zilizoko mtandaoni zimeuawa.

Programu hizi zilitengenezwa kwa muziki. Zinatafuta kitu kifupi, chini ya milisekunde moja au mbili, kinachopanda ghafla kuliko majirani zake. Sasa fikiria Norton Manx yenye megafoni wazi, ile ekzosi ya mdomo mpana: silinda moja, kila mlipuko ni mpasuko mkali, unafuatwa na kushuka, kisha mwingine. Kwenye 7,000 kwa dakika ni milipuko 58 kwa sekunde, mmoja kila milisekunde 17. Kwa programu hiyo ni mikwaruzo 58, na inailamba yote. Dereva akifunga gesi kuingia kona ya Governor's Bridge, ile milio ya kupasukapasuka kwenye ekzosi nayo inaondoka. Honda ya silinda sita haiathiriki sana, maana milipuko yake imesongamana hadi imekuwa mlio mmoja.

Njia yangu inatumia jambo moja: santuri ni mono, katriji ni stereo. Sauti ya mono imechongwa pembeni tu, kushoto na kulia kwa usawa, hivyo chaneli zote mbili zinabeba kitu kimoja. Vumbi na mikwaruzo haviko hivyo, vinarusha sindano juu au vinagonga ukuta mmoja.

Rekodi stereo, biti 24, 96 kHz, kilele cha injini kisizidi −6 dB ili mipasuko mikubwa isigonge dari. Hifadhi faili hilo ghafi, usiliguse tena. Kwenye nakala, tenganisha chaneli, geuza moja juu chini, changanya. Rekebisha ukubwa wa chaneli moja kidogo kidogo, nusu desibeli hivi, mpaka injini ipotee kadiri inavyowezekana. Katriji hazilingani, tofauti ya desibeli 1 hadi 2 ni ya kawaida. Kitakachobaki ni mnong'ono wa injini na mipasuko imesimama peke yake kama misumari. Hiyo ndiyo ramani yako.

Rudi kwenye stereo, nenda kila penye msumari. Ukikuta chaneli moja tu imeharibika, nakili kipande kile kile kutoka chaneli nzima ubandike juu ya mbovu. Hujabuni chochote, hiyo ni sauti ile ile iliyochongwa ukuta wa pili. Zikiwa zote mbili zimeharibika, tumia kifaa cha kurekebisha cha Audacity, kinachokubali hadi sampuli 128, yaani milisekunde 1.3 kwenye 96 kHz. Kwenye spidi sahihi, mpasuko unaorudi kila sekunde 1.8 ni mkwaruzo uliokatiza mifereji ya 33⅓. Ukishapata wa kwanza, wengine unawahesabia. Kwa santuri za 45 ni kila sekunde 1.33.

Ukimaliza ndipo uunganishe chaneli kuwa mono. Kuunganisha peke yake kunashusha kelele zisizofanana kwa kama desibeli 3. Ukiunganisha mwanzoni umetupa ramani.

Na ukitumia kiondoa mipasuko popote, kipime hivi: geuza faili la kabla, changanya na la baada, sikiliza kilichoondolewa. Ukisikia mdundo wa injini kwenye takataka, umekata nyama. Kipunguza kelele cha aina ya "jifunze kelele kisha ondoa" usikiguse kabisa. Upepo wa mlimani na watu wa Glencrutchery Road, mbio zinapoanzia, ni sehemu ya rekodi.

Kuhusu spidi, injini yenyewe ni rula. Kwa stroki nne, gawanya mizunguko ya dakika kwa 120, zidisha kwa silinda. MV ya 500 ya Agostini, silinda tatu, kwenye 12,000 ni 300 Hz. Honda RC181 ya Hailwood, silinda nne, 12,000 hiyo hiyo ni 400 Hz. Honda 250 ya silinda sita kwenye 18,000 ni 900 Hz, na kwenye mashine yako ya sasa itasoma 750, kama iliyochoka.

Ukifungua spektrogramu, ile picha ya masafa ya sauti, utaona mistari mingi, usishike wa kwanza. Kila silinda ina bomba lake na mabomba hayalingani, kwa hiyo kuna mistari midogo kila nusu ya mzunguko. Honda sita kwenye 18,000 ina mistari kila 150 Hz. Unaoutaka ni wa sita, ndio wenye nguvu.

Pikipiki ikipita, mlio unashuka, kama bodaboda inavyopita mlangoni. Chukua f1 ikiwa bado mbali inakuja, f2 ikiwa imeshaenda. Kasi ni 338 × (f1 − f2) ÷ (f1 + f2), mita kwa sekunde, 338 ikiwa ni kasi ya sauti kwa hewa ya nyuzi 12 hivi. Mlio halisi wa injini ni 2 × f1 × f2 ÷ (f1 + f2). Chagua mahali ambapo gesi iko wazi na gia haibadilishwi. Ukipima Ballaugh Bridge utapotea, maana pikipiki inaruka, gurudumu linakosa barabara na injini inapanda yenyewe.

---

Mla_Kona

Shukrani wakuu, na Bibi shikamoo. Kadi ya strobo imethibitisha, ni 27.8. Chaja nimechomoa na mvumo umekufa karibu wote.

Nimepima kupita kwa pikipiki moja kwenye santuri ya 1967, bila kurekebisha spidi: f1 ni 392, f2 ni 275. Nimepata mita 59 kwa sekunde. Baada ya kuzidisha spidi kwa 1.2 nimepata 470 na 330, na kasi imebaki ile ile 59! Nimekosea wapi? Na lebo haisemi ni Honda au MV.

---

Kasi250

Hujakosea. Kasi inatoka kwenye uwiano wa f1 na f2, na mashine ya santuri ikienda polepole inashusha zote mbili kwa kiasi kimoja. Uwiano haubadiliki. Ndiyo sababu kasi ya barabarani unaipata hata kwa mashine mbovu: 59.2 mita kwa sekunde, kama kilomita 213 kwa saa.

Kinachobadilika ni mlio wa injini. Bila kurekebisha unapata 323 Hz, baada ya kurekebisha 388. Ukidhani ni Honda silinda nne, 388 ni mizunguko 11,630 kwa dakika, inakaa vizuri chini ya 12,000. Ukidhani ni MV silinda tatu, 388 ni zaidi ya 15,500, na injini ile haifiki huko. Kwa hiyo ni Honda, Hailwood. Lakini ona mtego: kwenye namba zako ambazo hazijarekebishwa, 323 kwa silinda tatu ni 12,900, karibu kuaminika. Mtu asiyejua mashine yake inachelewa angeandika "Agostini" kwenye faili na kulala vizuri.

Rula hii inakamata kosa la asilimia 20, hata 10. Asilimia moja haikamati, maana hatujui dereva alikuwa kwenye mizunguko mingapi hasa. Hiyo ni kazi ya strobo. Na kumbuka tepu ya barabarani ya wakati ule iliendeshwa kwa betri, betri ikichoka tepu inapungua, na studio ikiicheza kwa spidi kamili mlio unapanda. Kipande kimoja kikiwa juu kuliko vingine kwa asilimia 3 au 4, rekebisha hicho peke yake.

Kwa kuandika lebo za vipande vyako: Senior ya 1967, yaani mbio za pikipiki za 500, ilikuwa mizunguko sita, na cheni ya Agostini ilikatika mzunguko wa tano akiwa anaongoza. Kipande chochote chenye silinda tatu na nne zikifuatana kiko kabla ya hapo. Ule mzunguko wa Hailwood wa maili 108.77 kwa saa, uliokaa kama rekodi hadi 1975, ni wa mbio hizo hizo.

---

fundi_wa_redio

Nyongeza ya puli: mkereza akikuuliza kipenyo, pima iliyopo kwa kalipa mahali mkanda unapokaa, si ukingoni. Zidisha kwa 1.2, kisha jumlisha unene wa mkanda mara 0.2, kwa sababu mkanda huvuta kwenye katikati ya unene wake, wala si kwenye uso wa puli. Jumlisha, usitoe. Ngoja niliweke wazi kwa namba: puli ya milimita 10 na mkanda wa nusu milimita, kipenyo kinachofanya kazi ni 10.5. Mara 1.2 ni 12.6. Toa 0.5, puli mpya ni 12.1. Ukichonga 12.0 utachelewa kwa asilimia 0.8, na strobo itakuonyesha mistari ikirudi nyuma taratibu.

---

Bibi_Santuri

Marahaba. Ukishaweka sindano mpya, rudia upande wa 1967 wote kutoka mwanzo, usichanganye nusu ya sindano ya zamani na nusu ya mpya. Rangi ya sauti haitalingana, na kwenye maungio utaisikia kila mara.